Mbwa Mkali wa Baba Neema

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Foleni ya sembe. Nimepata kilo mbili, ya njano tena. Nimerudi, nimetoa cherehani barazani, nimeshona kaptula nne za shule. Uzi mweupe umekwisha. Mjini kote uzi mweupe hakuna. Kwa ndani nashonea wa bluu. Nani ataona.

Jioni mume wangu, Baba Neema, amerudi kutoka kazini bandarini na mbao begani. Za nini? Za banda. Banda la nani? La mbwa.

Kumbe hajaacha. Tangu wezi waingie uani wakabeba maharage yetu yakiwa bado yanatokota, sufuria, jiko, makaa na moto wake, mume wangu hana neno lingine. Amemwandikia kaka yake Moshi amtafutie mbwa. Mbwa wa mlimani, anasema. Huyo akibweka, mwizi anakwenda kituoni mwenyewe.

Mimi naogopa mbwa. Anajua. Niling'atwa nikiwa na miaka saba na alama ninayo pajani mpaka leo. Nimemkumbusha. Amesema huyo alikuwa mbwa wa watu wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Banda limekwisha. Kubwa mno. Naingia mimi na cherehani yangu. Amelipaua kwa bati jipya. Chumba tunacholala kinavuja.

Ameandika kibao kwa rangi nyekundu, MBWA MKALI, amekipigilia mlango wa mbele. Mbwa mwenyewe hajaja. Leo wateja wawili wamesimama ng'ambo ya barabara wakaniita kwa mbali. Mmoja amenirushia kitambaa na vipimo amevitaja kwa kupaza sauti. Kiuno chake sasa kinajulikana mpaka Msimbazi.

Halafu Bi Zuhura. Ndiye mwenye nyumba. Vyumba vya kulia anakaa yeye, vya kushoto tumepanga sisi, mwaka wa kumi na moja huu. Babu yake alitoka Arabuni kuja kuuza kahawa na halua. Yeye Kariakoo hajawahi kuitoka isipokuwa kwenda kuzika. Amekisoma kibao, kisha akamuuliza Baba Neema kwa upole. Upole wake nauogopa kuliko makelele ya watu wengine.

"Mwanangu, mbwa atapita wapi, na mimi nitasali wapi?"

Wamekubaliana. Uani umechorwa mstari kwa chaki yangu ya cherehani. Banda upande wetu, bomba na mkeka wake upande wake. Mbwa akivuka mara moja, mbwa anahama. Akivuka mara ya pili, tunahama sote. Bi Zuhura amesema haya akitabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Neema ametumwa Mtwara kikazi. Wiki tatu. Ameondoka leo asubuhi. Neema yuko shule ya bweni, nimebaki peke yangu. Mbwa anafika kesho.

Nilimwambia aahirishe mbwa. Akasema kaka yake ameshakata tiketi. Ameniachia maagizo, ukurasa mzima. Mbwa ale mara mbili. Mbwa asibembelezwe, atalegea. Mbwa asiogopwe, atajua.

La mwisho siliwezi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nilisimama nyuma ya mlango na mchi wa kinu mkononi tangu saa nne.

Shemeji ameingia saa nane na kapu la ndizi. Nikamuuliza mbwa yuko wapi, amemfunga wapi, kamba ni imara? Akaanza kufunua majani. Ndizi. Ndizi. Ndizi. Chini kabisa, kitu cheusi, kidogo kuliko kiatu changu. Kikapiga chafya.

"Ndiye huyo, shemeji. Mama yake anaogopwa Kibosho nzima."

Tumemweka bandani. Amepotea humo ndani. Imebidi niwashe kurunzi kumtafuta.

Jina lake Chui. Baba Neema alilichagua mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Hakulala. Sikulala. Mtaa haukulala. Asubuhi Bi Zuhura ameniuliza, "Mgonjwa ni nani?"

Nimempa khanga yangu kuukuu ajifunike. Huko si kumbembeleza. Hata shehena bandarini hufunikwa turubai.

Bado namgusa kwa mwiko tu.

Alhamisi, 13 Machi

Maziwa ya unga hakuna. Nimempikia uji mwepesi. Ameingia ndani ya sahani kwa miguu yote minne, akasimama humo, akanitazama kama anangoja maelezo.

Ana viroboto. Nimekata nusu mche wa sabuni, sabuni yangu ya mwezi, nikajifunga matambara mikononi mpaka kwenye viwiko na kumwogesha katika karai. Katikati ya povu akanilamba penye ngozi, juu kidogo ya tambara. Nilipiga kelele. Bi Zuhura alitoka mbio mpaka kwenye mstari. Hakupita.

Akikauka ni laini. Naandika tu ilivyo.

Jumatano, 19 Machi

Amekula futikamba. Kuanzia inchi ya kwanza hadi ya kumi na nne. Mjini futikamba hakuna. Sasa nampima mtu kuanzia kumi na tano, kisha natoa. Leo nimesahau kutoa. Mwalimu wa watu atavaa sketi ya kuzunguka watu wawili.

Mvua inafuta mstari kila usiku, na mimi nauchora upya kila asubuhi. Chaki nayo inakwisha.

Jumanne, 1 Aprili

Barua kutoka Mtwara. Rufiji imefurika, kivuko hakifanyi kazi, magari yamesimama ng'ambo. Hajui atarudi lini. Mistari miwili kuhusu afya yake, mmoja kuhusu mimi, ukurasa mzima kuhusu Chui. Anatisha? Amekua? Watu wanamwogopa?

Watoto wa jirani wanamvalisha kofia.

Amekua, ndiyo, lakini kwa upana. Sielewi. Nampa ukoko na vichwa vya dagaa, basi. Tena nusu anabakiza. Tumbo linazidi kuwa kama ngoma. Itakuwa minyoo. Nimemtwangia mbegu za papai. Amezila, akaomba nyingine.

Jumamosi, 5 Aprili

Mzee Mkude amekuja na kitambaa. Yeye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Anasuluhisha ugomvi, anaandika barua za utambulisho, na orodha ya kaya za duka la ushirika inapita mikononi mwake. Neno lake likikukalia vibaya, hata chumvi huipati.

Kitambaa ni cha kijivu, kizito, kizuri. Amekingoja miezi minane. Anataka suti ya mikono mifupi. Tarehe kumi na tisa kuna mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja na yeye atakaa safu ya mbele. Amekishika kitambaa kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mkunga.

"Mama Neema, kingine kama hiki hakipo Dar es Salaam."

Najua. Nimeshauliza.

Jumatano, 9 Aprili

Foleni. Mbele yangu Mama Tatu wa nyumba ya kona. Sauti yake haihitaji kipaza. Alikuwa anazungumza na mwenzake lakini tulisikia wote. Mtaa huu kuna mtu anamlisha mbwa sembe. Watoto wanalala na uji, mbwa ananenepa. Ndio unyonyaji wenyewe huo. Kupe si lazima awe na gari.

Hakutaja jina. Mtaani mbwa ni mmoja.

Nilitaka kujibu. Zamu yangu ikafika. Nikaondoka na sembe yangu kilo mbili kichwani na kila mtu anaitazama.

Jioni nilimnyima ukoko ili nione. Hakujali. Alikuja na kulala kwenye pedeli ya cherehani. Nimeshindwa kushona saa nzima.

Jumamosi, 12 Aprili

Balaa.

Nilikwenda kuchukua mkaa. Dakika kumi. Suti ya Mzee Mkude niliiacha juu ya kiti, imebaki vifungo tu. Nimerudi, suti iko chini na Chui yuko juu ya suti. Kifuani, upande wa kushoto, tundu. Nimepitisha ngumi yangu, imepita.

Nilikaa chini sakafuni.

Sikumpiga. Mkono niliuinua. Alikuwa na uzi wa kijivu unaning'inia mdomoni, anatikisa mkia, anafurahi nimerudi. Mkono nikaushusha.

Nililia, nikanywa chai, nikawaza. Kitambaa pekee cha aina hiyo katika mji huu kimo ndani ya suti hiyo hiyo. Nimefumua mapindo ya suruali. Nimeshona mfuko mkubwa wenye kifuniko, nimeubandika juu ya tundu. Ukaonekana mpweke. Nikashona wa pili kulia. Kikabaki kipande chembamba cha kitambaa, nikaweka kimfuko cha kalamu kwenye mkono wa suti.

Ameharibu yeye, nimedanganya mimi. Nani mbaya zaidi, sijui.

Jumanne, 15 Aprili

Mzee Mkude amekuja kuchukua suti. Ameivaa palepale. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kushoto.

"Hii mifuko sikuiagiza."

"Ni mtindo mpya, mzee."

"Wa wapi?"

Nikasema Dodoma. Mungu anisamehe. Sijawahi kufika Dodoma.

Akaufungua, akaufunga. Akatia miwani. Akatoa miwani, akatia kadi yake ya chama. Akasema kwa nini mafundi wengine hawana akili hii. Nikajisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Mlangoni akageuka. Uso mwingine.

"Mama Neema, kuna malalamiko. Keshokutwa saa kumi alasiri, barazani kwangu. Uje na mbwa."

Jumatano, 16 Aprili

Sijashona kitu. Mama Tatu anapita mlangoni na watu, wananyamaza wakinifikia. Nimeambiwa wanachotaka. Jina letu litolewe kwenye orodha ya duka, mbwa wakabidhiwe watu wa jiji. Watu wa jiji mbwa hawamfugi. Wanampiga risasi.

Baba Neema yuko ng'ambo ya mto na maagizo yake.

Shemeji, ambaye tangu alete mbwa alikuwa na shughuli zake hapa mjini, anarudi Moshi kesho alfajiri. Jibu rahisi hilo. Mbwa aondoke, kesi iondoke. Nilitaka hivyo tangu siku ya kwanza. Mchana nilitoa kapu, nikalitandika majani, nikaliweka sakafuni. Chui akaingia mwenyewe, akazunguka mara tatu, akalala. Sasa limemtosha kwa shida.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Kisha nilimtoa, nikampa shemeji kapu tupu. Nimemwambia asalimie nyumbani.

Naogopa sana.

Alhamisi, 17 Aprili

Niandike yote kabla sijasahau.

Barazani kwa Mzee Mkude palijaa. Yeye katikati, ndani ya suti mpya. Pembeni katibu wake na daftari. Mimi kwenye kigoda, Chui miguuni, nimemfunga kwa upindo wa pazia.

Mama Tatu alisema kwa nusu saa. Alisema vizuri, lazima nikubali. Alitaja taifa, alitaja ukame wa mwaka jana, alitaja watoto wake mmoja mmoja na uzito wao. Kisha akanyoosha kidole.

"Litazameni tumbo hilo! Hilo ni tumbo la dagaa?"

Watu wote wakalitazama. Chui akaona anatazamwa, akalala chali alionyeshe vizuri.

Nikasimama. Nikasema ukoko. Nikasema vichwa vya dagaa. Nikasema pengine minyoo. Sauti yangu nilikuwa naisikia mimi peke yangu. Mtu wa nyuma akauliza, minyoo gani hiyo inayong'arisha manyoya? Wakacheka. Mimi mwenyewe ningekuwa wao nisingeniamini.

Mzee Mkude akavaa miwani, akachukua orodha ya kaya. Nikaona kalamu inashuka kwenye jina letu.

Hapo nyuma pakawa na msukumano. Bi Zuhura. Hahudhurii vikao, miaka yote hajahudhuria hata kimoja. Leo kaja na buibui lake, watu wanampisha.

"Shikamoo, Bi Zuhura," balozi akasema.

"Marahaba. Usiandike, baba. Mbwa anakula kwangu."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

Akasema kila siku alasiri, mimi nikiwa barazani na kelele za cherehani, yeye humtilia vichwa vya samaki katika sahani ya bati. Changu, nguru, kinacholetwa kutoka soko la feri. Samaki hawana kadi, hawana foleni. Humsogezea sahani kwa ufagio wa mti mrefu.

"Kumlisha kiumbe mwenye njaa ni thawabu. Ninachokiepuka mimi ni mate yake."

Nilishindwa kunyamaza. Nikamuuliza, na mstari je?

"Mstari aliuvuka siku ya pili tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilishatamka kwamba akivuka anahama. Ningelirudishaje neno langu? Nikaona nisimwone."

Mama Tatu akasema huo ni ushahidi wa jirani kumbeba jirani. Athibitishe. Bi Zuhura hakubishana. Akaita mara moja, taratibu, kama anayeita mjukuu aje kula.

"Bwana Mkubwa!"

Chui, ambaye mwezi mzima hajawahi kuitika jina la Chui hata siku moja, aliruka. Upindo ukakatika. Akapenya katikati ya miguu ya watu, akakaa mbele ya Bi Zuhura, hatua mbili kamili kutoka kwenye buibui, mkia unafagia sakafu. Hatua mbili. Alikuwa amefunzwa.

Hapo kesi ilikuwa imekwisha, isipokuwa Mzee Mkude alikuwa amekunja uso.

"Bi Zuhura, hilo jina. Mabwana wakubwa nchi hii tulishawaondoa. Siku hizi sote ni ndugu."

Mtu wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo mzee, huyu tumwite Ndugu?"

Katibu alikuwa ameshaanza kuandika. Mzee Mkude akamwambia futa. Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mama Tatu naye alicheka, nilimwona, ingawa aligeukia upande.

Ningekaa kimya pale, mambo yangekwisha salama. Lakini Bi Zuhura, mtu wa heshima zake, alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima akakiri kwamba anamlisha mbwa kwa siri. Na mimi nimekaa natazama ule mfuko. Nikasimama tena.

"Mzee, Dodoma sijawahi kufika."

Nikasema yote. Kiti, mkaa, tundu, mapindo. Hakuna aliyecheka. Mzee Mkude aliinamisha kichwa akautazama mfuko wake wa kushoto. Akainua kifuniko, akachungulia ndani kana kwamba mbwa bado yumo.

"Tundu lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nikaonyesha ngumi.

"Na mfuko umeshika?"

"Umeshika, mzee. Nimepiga mshono mara mbili."

Akaupapasa mshono. Kisha akatia miwani mfukoni, akafunga kifuniko, akakigonga kwa kidole.

"Basi mimi nina mfuko." Akamgeukia katibu. "Hilo usiandike. Kikao kimefungwa."

Nimerudi nyumbani nikatapika. Halafu nikala sana.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano Mnazi Mmoja. Nilisimama mbali na jua lilikuwa kali, lakini mifuko niliiona. Jioni wanaume watatu wamekuja kuulizia suti ya Dodoma. Mama Tatu naye amekuja, na sare ya mwanawe iliyopasuka begani. Hakutaja juzi. Mimi pia. Nimeshona, na kwa ndani nimetumia uzi wa rangi yake.

Jumapili, 27 Aprili

Baba Neema amefika. Ndevu zimemjaa uso, mfuko wa korosho, miguu imevimba. Alishuka kwenye lori la chumvi. Kabla hajakaa akauliza mbwa yuko wapi.

Mbwa alikuwa nyuma ya gauni langu, anatazama ndevu zile kwa jicho moja.

Baba Neema akamkagua. Tumbo, masikio, upindo wa pazia shingoni.

"Umembembeleza," akasema.

"Nimembembeleza."

Alasiri Bi Zuhura akaja na sahani yake ya bati waziwazi, akamweleza Baba Neema saa za chakula, akamwambia asizibadilishe. Mume wangu akaitika ndiyo, bibi. Maagizo yake ya ukurasa mzima sijui yako wapi. Labda yaliliwa.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tumekwenda sote watatu kwa miguu, manyunyu yanaanguka. Foleni ndefu, mbwa wa kila namna, na wenye mbwa wamekaa kama watu waliozoeana. Mwanamke mmoja mbele yangu alinipisha nijikinge chini ya turubai, kwa sababu wangu alikuwa anatetemeka.

Nimembeba mwenyewe mpaka mezani. Ni mzito. Nilimshika kichwa, bwana mifugo akamdunga nyuma ya shingo. Hakulia. Alisukuma pua yake kwapani kwangu akaiacha humo.

Bwana mifugo akachukua kadi, akalamba ncha ya penseli.

"Jina la mwenye mbwa?"

Baba Neema akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikataja jina langu, Anaeli, na la baba yangu. Bwana mifugo akaandika taratibu, kwa herufi kubwa.

Tumerudi polepole. Mvua iliongezeka. Mwavuli ni mmoja na umevunjika kijiti. Baba Neema aliushika juu yetu, mimi na mbwa, yeye mwenyewe akalowa upande mzima. Nyumbani nimemtundikia shati lake karibu na jiko likauke, nikaweka chai.